Miti Iliyopewa Majina ya Watoto

Kila masika, korongo la mtaa wa Kadutu lilimega ua wa Domitille, mjane aliyeuza sambaza, dagaa wa ziwani, sokoni. Mwaka 1978 lilimeza jiko lake. Chumba cha kulala kilibaki hatua nne kutoka ukingoni, naye hakuwa na pengine pa kwenda.

Siku ya salongo, kazi ya lazima ya Serikali, Évariste, chef wa quartier, yaani mkuu wa mtaa, aliwatoa watu majumbani kwa filimbi na askari, wapande mikaratusi ukingoni. Wengi waliichimbia miche pamoja na mifuko yake ya nailoni, mizizi imefungwa vilevile, ilimradi wahesabiwe. Wiki mbili baadaye yote ilikuwa imekauka.

"Batu ba huku bajinga kabisa!" akafoka Évariste.

"Si bajinga, papa chef," Domitille akamjibu. "Unabachunga kama mbuzi, halafu unashangaa muti hauna mwenyewe!"

Akaichukua miche iliyosalia bila kupandwa siku ile, akaanza kupita nyumba kwa nyumba. Jirani yake Noëlla alikuwa amejifungua karibuni.

"Mutoto anaitwa nani?"

"Lucien."

"Basi na huu ni Lucien. Panda wewe mwenyewe, pale utauona toka mulangoni."

Noëlla akacheka. "Na kama huyu wa muti atamushinda wangu urefu?"

"Utanyonyesha zaidi!"

Akina mama thelathini wakapanda, kila mmoja mti wa mwanawe. Maji ya kuoshea vyombo yakawa ya kumwagilia. Mwanaume akionekana na panga karibu na ukingo, wanawake walimzomea: "Unataka kumupika Lucien na maharagi?" Naye alirudi nyuma kwa aibu. Masika mawili yakapita, ukingo haukusogea.

Ndipo Évariste akasikia kwamba wakubwa wa zone, walio juu yake, watatembelea mtaa. Akasimamisha bango kubwa: MITI YA SERIKALI. Hakumwuliza mtu. Wakubwa walipiga makofi, wakaondoka. Kabla ya juma kuisha, miti saba ilikuwa imekatwa kuni, mchana kweupe, wala hakuna aliyezomea.

"Noëlla! Bamekata Lucien, umenyamaza?"

Noëlla aliangalia chini. "Si bamesema iko ya Serikali, maman?"

Miaka miwili ya kubembeleza, imefutwa kwa ubao mmoja! Domitille alichukua jembe, akalichimbua bango mbele ya watu, akalitupa korongoni.

Évariste alikuja mbio. "Citoyenne! Unang'oa mali ya Serikali!"

"Miti ilipokuwa ya batoto, nani aliigusa? Sema! Siku chache tu iko yako, tayari iko majivu!"

"Nitaandika jina lako!" Akatoa daftari.

"Andika! Na nyumba yangu ikianguka, andika vilevile!"

Noëlla akamfunga mtoto vizuri mgongoni, akachukua jembe mikononi mwa Domitille, akaanza kuchimba shimo la mche mpya kando ya kisiki cha Lucien. Hakumtazama chef.