Vidole vya Paka wa Stoo

Nikinusa mahindi makavu yaliyochanganyika na mkojo wa paka, mimi hutabasamu, jambo ambalo wanangu huliona kuwa dalili ya uzee. Siwalaumu, kwani hawakulelewa ndani ya stoo. Mimi nililelewa humo, katika shamba moja kando ya barabara ya kutoka Eldoret kwenda Soy, miaka michache baada ya uhuru, wakati watu wa kwetu Nyeri walipokuwa wakichangishana kununua mashamba ya wazungu waliofunga virago. Baba alikuwa mwanachama wa kampuni moja ya namna hiyo. Siku ya kugawana vipande, wanachama walitia mikono ndani ya kofia. Mmoja akatoa karatasi ya kipande cha mtoni, mwingine cha kando ya barabara, na baba, ambaye hakuwahi kubahatika hata katika mchezo wa karata, akatoa kipande chenye stoo ya mahindi ya mzungu. Ilikuwa na kuta za mawe, paa la mabati na paka tisa. Nyumba hatukuwa nayo. Tukaigawanya stoo kwa mbao za msitu wa Kaptagat, sisi upande huu, mahindi upande ule, na paka pande zote mbili.

Paka hao walikuwa na vidole vya ziada. Paka wa kawaida, kama hujawahi kumchunguza, ana vidole vitano katika kila mguu wa mbele, ukihesabu na kile kidogo cha juu. Wetu walikuwa na sita, wengine saba, na miguu yao ilikuwa mipana hata wakatembea kama mtoto aliyevaa viatu vya baba yake. Mzee Barasa alitueleza asili yao. Yeye alikuwa mpishi wa yule mzungu, na alibaki shambani kwa sababu hakuna aliyekumbuka kumwambia aondoke. Alisema mama wa mzungu ndiye aliyekuja na paka wawili wa aina hiyo kutoka kwao, na hawa wengine walizaliwa papo hapo stooni. "Hawa si wabaya," alituambia. "Ni vile tu Mungu alikuwa na vidole zimebaki." Mimi nilimchagua dume mmoja mwenye rangi ya kutu, nikamwita Mabuti. Mabuti aliweza kuinua mfuniko wa mkebe wa maziwa kwa vidole vyake, akanywa, kisha akaketi kando yake akitutazama kama mtu aliyesingiziwa. Nilikuwa msichana wa miaka tisa, sikuwa na ndugu, na majirani walikuwa mbali. Nilimpenda yule paka kupita kiasi, na sioni haya kusema hivyo.

Msimu wa kuvuna ulipofika, mama akiwa na mimba ya miezi minane, baba alimleta Cucu kutoka Nyeri. Cucu ndilo neno letu la nyanya, na huyu alikuwa mama yake baba, mkunga aliyewapokea watoto wengi wa kijiji chake na asiyezoea kupingwa. Alikuwa pia mtu asiyehesabu viumbe. Mbuzi hakuhesabu, watoto hakuhesabu, kwa kuwa kwetu kuhesabu kilicho hai ni kukiitia balaa. Lakini jioni aliyofika, Mabuti aliponyoosha mguu wake juu ya sanduku la bati la mgeni, Cucu aliinama akahesabu kwa sauti. Alipofika saba, alikaa juu ya gunia la mahindi.

"Kamau," akamwambia baba, "mkeo ameangalia hawa kwa muda gani?"

Baba akasema tangu tuhamie.

"Basi atazaa mtoto wa namna hii. Hawa paka watoke kabla mtoto hajatoka."

Tangu siku hiyo mama aliamriwa asiwaangalie paka. Sasa, katika stoo ambayo paka wamelala kitandani, mezani na ndani ya karai, amri hiyo ina njia moja tu ya kutekelezwa. Mama alitembea amejifunika shuka usoni. Aligonga nguzo, akakanyaga ndoo, na siku moja alimsalimia ng'ombe kwa heshima akidhani ni mwenyekiti wa kampuni. Wanawake wa vipande vya jirani, waliokuwa wakija kutusaidia kupukuchua mahindi, waliposikia sababu ya ile shuka nao wakaanza kupata kazi nyingi makwao. Hilo ndilo lililomtia baba hofu. Sisi sote tulikuwa wageni katika nchi ile, na kila mmoja alitaka kuonekana sawasawa na mwenzake, asipungukiwe wala asizidi. Baba akakata shauri kwamba paka wote watapelekwa sokoni Soy, mmoja mmoja ndani ya gunia, kuanzia na kiongozi wao. Kiongozi wao alikuwa Mabuti.

Nililia siku mbili na kukataa kula, isipokuwa uji, kwa sababu uji haukuwa chakula hasa. Cucu alinionea huruma. Akaniita nyuma ya stoo, akatoa kijiti kilichozungushiwa uzi mweusi, akasema iko dawa. Kilichozidi hufungwa uzi, ukakazwa mno hata damu isipite, na baada ya siku chache hudondoka chenyewe. Paka akibaki na vidole kama wenzake, atakaa. Nikamshika Mabuti kifuani. Cucu alifunga fundo la kwanza upesi sana, bila hata kutazama, kwa mikono iliyozoea, nami sikujiuliza ilizoea wapi. Fundo la pili halikufungwa. Mabuti alimparura Cucu kuanzia kiwiko hadi kidole, akaruka na kijiti kikimfuata, akapita chini ya meza, juu ya sufuria ya githeri, akamzunguka Mzee Barasa miguu mara tatu na kupanda kwenye mabati. Mzee Barasa alibaki amesimama, amefungwa kama mzigo, sahani ikiwa mkononi.

"Mama," alimwambia Cucu kwa upole, "huyu amekataa matibabu."

Uzi ulikatika peke yake. Cucu alijipaka mafuta ya taa mkononi, na huruma yake ikaishia hapo. Jumamosi asubuhi alimtega Mabuti kwa samaki mkavu, akamtia gunia, akalifunga mdomo kwa kamba ya katani. Gunia liliwekwa mlangoni kumsubiri baba atoe baiskeli. Lakini kabla pampu haijapatikana, mama aliitoa ile shuka usoni, akashika ukingo wa kitanda, akamwita Cucu. Baba akaiacha baiskeli. Mimi nikafukuzwa nje, nikakaa karibu na gunia, nikizungumza nalo, nalo likinijibu.

Mtoto alizaliwa kabla ya saa sita mchana, mvulana, mwenye sauti. Nikasikia wanawake wawili waliokuja kusaidia wakianza kunong'ona. Cucu akatokea mlangoni, akamwangalia baba, na licha ya uzito wa habari yenyewe alishindwa kuficha furaha ya mtu ambaye neno lake limetimia. Mtoto alikuwa na vidole sita. Mkono huu sita, na ule sita.

"Niliwaambia," alisema. "Pelekeni hiyo takataka Soy."

Baba akalishika gunia. Ndipo mama akaita kutoka kitandani, si kwa sauti kubwa, akituomba tuingie sote. Mama alikuwa mtu wa maneno machache, na nadhani zile wiki chini ya shuka zilimpa nafasi nzuri ya kufikiri. Akamwomba baba aonyeshe mkono wake wa kushoto. Kando ya kidole chake cha mwisho palikuwa na kinundu kidogo kama punje ya mtama.

"Mimi niliumwa na nyuki nikiwa mchanga," baba alieleza. "Mama ndiye aliniambia."

Mama akaniita mimi. Mimi nami ninacho, mahali pale pale, na sikuzote niliambiwa ni chunjua. Halafu mama akamtazama Cucu, ambaye alikuwa ameuficha mkono wake chini ya shuka.

"Na wako, mama?"

"Panga," Cucu alisema. "Nikikata majani ya ng'ombe."

"Nyuki, chunjua na panga," mama akasema. "Na wote walilenga mahali pamoja. Mama, kule Nyeri kulikuwa na paka wangapi?"

Baba ndiye aliyeanza kucheka, akafuatwa na wale wanawake, kisha Mzee Barasa huko nje, ambaye hakuwa amealikwa kusikiliza. Nyani haoni kundule, lakini Cucu nafikiri aliliona lake zamani sana, akalifunga uzi, na akafanya hivyo kwa mwanawe na kwa mjukuu wake ili tusichekwe. Hilo sikulielewa siku ile. Siku ile nilikimbilia gunia. Nilipambana na fundo kwa kucha na kwa meno, lisilegee. Mzee Barasa akaleta kisu.

"Usikate gunia la mahindi," Cucu alisema nyuma yangu. Akapiga magoti taratibu, akalivuta fundo mara moja tu, likafunguka. Mabuti alitoka, akamkanyaga mkono kwa vidole vyake saba, akaenda kuangalia maziwa. Cucu hakuuondoa mkono wake.

Cucu alipochukua uzi jioni, mama alimwambia huyu hafungwi, na safari hii hakupinga. Mtoto alipewa jina la marehemu mume wa Cucu, Kariuki, kama desturi yetu ilivyo kwa mvulana wa kwanza, na ni vigumu kumwita mkosi mtu mwenye jina la mumeo. Wanawake walirudi kupukuchua mahindi, kwanza ili kumwona mtoto, kisha kwa mazoea.

Siku hizi Eldoret imepanuka hadi karibu ituguse. Vipande vimekatwa vikakatwa tena, na pale palipokuwa na mahindi pamesimama nyumba za kupangisha. Stoo bado ipo, na Kariuki, ambaye sasa ana mvi, hukamua ng'ombe humo kwa vidole vyake kumi na viwili na hujivunia kasi yake kupita inavyostahili. Mara moja moja huzaliwa humo paka mwenye miguu mipana. Mwaka jana binti yangu alijifungua hospitalini mjini, katika wodi safi yenye harufu ya dawa. Muuguzi, msichana mwenye adabu, alitufunulia mkono wa mtoto na kutuuliza kwa sauti ya chini kama tungependa kile cha ziada kiondolewe. Binti yangu alinitazama. Niliuliza kama hapo wodini wanafuga paka, na muuguzi akacheka bila kujua kwa nini. Kisha nikainama, na ingawa najua Cucu hakupenda viumbe vihesabiwe, nilivihesabu vile vidole polepole, mara mbili. Mara zote mbili vilitosha.