Kisu cha Baba na Mashine Mbili

Mume wa dada yangu anaishi Awindiri, Arua, na hanunui kitu mpaka aambiwe hicho ndicho cha bei ya juu kuliko vyote. Basi alipokuja Koboko kwa arobaini ya baba yetu, alishuka na mashine ya umeme ya kunolea visu, imelazwa kwenye sponji kama mtoto mchanga. Ilikuwa na mianya mitatu: wa kuparuza, wa kunoa na wa kung'arisha. Taa ya kijani ikawaka, mashine ikanguruma kwa upole, naye akatutazama mmoja mmoja ili tumsifu.

Kaka yangu, aliyerithi bucha ya baba, alikuwa na yake ya vibandani Oraba, mpakani. Kijiwe kimoja ndani ya plastiki, kinatapika cheche na kunuka waya ulioungua. Ukinoa kisu cha nyanya, zote mbili zinatosha. Tofauti ni kwamba ya rahisi inakula kisu kwa fujo, ya ghali inakila kwa adabu.

Fahali wawili hawakai zizi moja. Wakaanza kushindania kisu cha baba cha kuchinjia, kilichofuliwa kwa springi ya lori, mgongo wake mnene kama kidole. Ng'ombe alikuwa ameshafungwa uani na waombolezaji wameketi mikekani. Kwetu Waislamu kisu butu hakichinji, kinatesa, na kisu hicho ndicho tulichotaka kitumike siku ile.

Kisu kikakataa kuingia kwenye mwanya wa mashine ya ghali. Mtu mwenye akili angeishia hapo.

"Kisu ndio iko na makosa," shemeji akasema. "Mashine iko sawa."

"Shemeji, wacha. Jiwe ya baba ya kunolea iko pale," nikamwambia.

"Mambo ya mashine, wachia wanaume."

"Lete," kaka akadakia. "Mimi napunguza kwanza na yangu, halafu itaingia."

Wakakipunguza kisu ili kitoshe mashine! Kaka alikikandamiza kwenye kijiwe mpaka chuma kikaungua, kikageuka buluu. Kisha kikapita mianya yote mitatu, kikatoka kinang'aa kama kioo, na wapumbavu wangu wakapeana mikono.

Imamu akapitisha ukucha kwenye makali. Yakajikunja.

"Chuma imekufa hii," akasema. "Mimi hapana chinja nayo."

Wakaanza kubishana mashine ya nani imekiua. Nilitamani kuwachapa wote wawili kwa mwiko, na machozi yalikuwa yananitoka. Nikajitanda kanga, nikaenda kwa mwenye bucha ya ng'ambo ya barabara, ambaye baba alimcheka maisha yake yote kwamba anachinja kama anayepasua kuni. Nikamwomba kisu. Alifunga kisu chake kwenye kitambaa safi, akanipa kwa mikono miwili.

Baba aliichinjia Koboko nzima. Ng'ombe wa arobaini yake tulimchinja kwa kisu cha kuazima.