Dawa ya Kupaka

Emiliana wa Giteranyi alikuwa na mdomo mkali, na wagonjwa wake aliwagombeza kama watoto. "Kila dawa ina mlango wake," alikuwa akisema. Umubirizi mchungu hunywewa kwa homa. Majani ya kifua, mgonjwa hujifukizia chini ya blanketi. Mzizi wa upele, ule aliouchimba bondeni, hupondwa na mawese ukapakwa, basi, na mpakaji hunawa mikono mara mbili.

Ujuzi huo aliupata kwa mama yake, katika kambi ya wakimbizi Tanzania. Aliporudi kwao Bukirasazi, kule Gitega, ndugu walikuwa wameshagawana shamba, wakamwambia hawamjui. Ndipo akaja huku Giteranyi, mkoani Muyinga, akawa jirani yangu. Tenda wema uende zako, husema wahenga. Laiti angekwenda!

Mtoto wa Nazario alijaa upele hata halali. Emiliana akampaka jioni, na asubuhi akarudi na kibakuli ampake tena. Nilimsindikiza. Tukakuta ng'ombe wa Nazario amekufa usiku ule na ua umejaa watu waliomshuku Emiliana.

"Onja kwanza, mama," Nazario akasema.

Kwetu hakuna anayempa mwenzake kitu bila kutangulia kuonja. Pombe ya ndizi, uji, dawa: mtoaji huanza, ijulikane haina sumu. Ni desturi nzuri. Siku ile niliichukia.

"Hii ni ya ngozi, baba. Ikiingia tumboni inaua."

"Munasikia?" Nazario akawageukia watu. "Iko inaua! Mwenyewe amesema!"

Emiliana akajipaka mikononi, shingoni, usoni. "Tazameni, nimekufa?" Wakacheka. Vijana wakaanza kuokota mawe. Nilipiga kelele kwamba hata sabuni hatuionji. Mtu akanisukuma nikaanguka kwenye kinyesi cha ng'ombe. Gaudensia, mke wa Nazario, akaleta kijiko.

"Si kulamba," Nazario akasema. "Meza. Kama we si murozi wa kulisha watu sumu, unaogopa nini?"

Emiliana aliyatazama mawe, akakitazama kijiko. Akaninong'oneza, "Kimbia uniletee maziwa, dada. Huenda nikatapika." Kisha akameza.

Nilikimbia. Niliporudi na maziwa walikuwa wamefunga lango la ua, nikaligonga mpaka vidole vikachubuka. Walifungua Emiliana alipoanza kutokwa na povu. Tulimpakia kwenye baiskeli kumpeleka zahanati, hakufika.

"Mumeona?" wakasema. "Ilikuwa sumu kweli." Asante ya punda mateke. Nilimpigia simu Adriano, kaka yake wa Bukirasazi. Akajibu kwamba murozi azikwe hukohuko.

Kibakuli kilibaki kwa Nazario. Juzi nilipita pale, nikamwona Gaudensia amempakata mtoto, ambaye ngozi yake sasa ni laini kabisa. Alikuwa anampaka kilichosalia, kwa kidole, taratibu. Alipomaliza alinawa mikono mara mbili.