Nyekundu Aliyoifumua Skola

Ipo siku moja, mwanangu, naikumbuka mpaka leo, na sijui kwa nini Mungu hajanisahaulisha. Mdogo wangu Skola alikuwa amemaliza kushona blanketi la viraka, nyumbani kwetu Kaengesa. Baridi ya huku unaijua. Viraka vyetu vilikuwa kaki, kahawia na bluu ya sare za shule, basi, mabaki tuliyopewa na fundi. Skola yeye akapachika nyekundu katikati. Nyekundu kali, halafu pembeni yake rangi ya machungwa! Nani aliwahi kuona? Lakini lilipendeza, nisiseme uongo. Nilitamani kujifunika siku hiyohiyo.

Shangazi aliyetulea akaingia, mvua inanyesha, akaliona.

"We Skola! Nyekundu ndani, na mvua yote hii? Unataka radi itumalize?"

"Shangazi, ni kitambaa tu."

"Fumua."

Akampa wembe. Si unajua watu wa huku tunavyoamini kwamba nyekundu inaita radi? Skola akafumua uzi mmoja mmoja, shangazi anachukua vile vipande anatia motoni. Matundu yakazibwa kwa kaki. Hakulia. Afadhali angelia.

Tangu hapo akawa mtu wa kuuliza, "Mnataka rangi gani?" Akashona hivyo hadi uzeeni. Tulipomzika mwaka jana nilitafuta nyumba nzima kitu alichokishona kwa kupenda mwenyewe. Hakuna. Hata kimoja, jamani! Na radi haikuacha kupiga kila mvua zikianza, ikaua ng'ombe wa watu wasio na hata uzi mwekundu.

Sasa na wewe, mwanangu, hapo Kizwite, nasikia unataka kuitoa ile zambarau kwenye blanketi unaloshona la kuuza kwa sababu wenzako wamekucheka. Usiitoe. Sikudanganyi kwamba watazoea. Wengine hawatazoea, nimeishi nao. Huenda hata asitokee wa kulinunua. Lakini ukishafumua mara moja kwa hofu, mkono unajifunza kuogopa, na sijaona mkono uliorudi kuwa kama zamani. Rangi usiyoizoea ishone kwanza. Kama ni kuogopa, utaogopa ikiwa imeshakaa.

Mimi nimechoka, moyo wangu hauna tena la kutumaini. Ila Mungu aubariki mkono wako, mwanangu, akupe ule ukaidi ambao mdogo wangu alinyimwa.