Kahawa Ilianikwa, Biira Akabaki Ndani

Enzi zetu pale Bwera, miaka ya sitini, nani alijua vitamini? Tulijua jua. Kahawa juani, mihogo juani, na sisi wenyewe tulishinda humo humo tukiruka kamba na kucheza rede mpaka jasho litutiririke mgongoni. Wajukuu zangu wa leo hufunga mapazia wapate kuona simu vizuri, kisha wananunuliwa jua la vidonge!

Mama alikuwa mfanyabiashara kutoka Beni, ng'ambo ya mpaka, na kila asubuhi alikwenda na vitenge vyake soko la Mpondwe. Mimi, Masika, msichana wa miaka tisa, aliniachia kazi mbili: kahawa, na mdogo wangu Biira, aliyekuwa bado mchanga.

"Masika, utoshe mutoto inje. Jua ya asubui inapatiaka mutoto mifupa."

Kahawa niliitoa, maana ikioza ningechapwa. Biira alikuwa mzito, kuku walimsumbua mkekani, akalia, na wenzangu walikuwa wakiniita. Nikamlaza chumbani, nikarudishia mlango. Kesho yake vivyo hivyo, mpaka mwaka ukapita. Mama akirudi alimkuta kaoga, kashiba, anacheka.

Biira aliposimama, miguu ilipinda nje, magoti yakakataa kukutana. Matege. Mama akasema ni jicho la jirani yetu, Mama Kabugho, aliyezoea kumsifu mtoto kwa unono wake. Wanawake wale walikuwa wakigawiana hata chumvi. Waliacha kusalimiana mpaka wakafa wote wawili. Siku ya ugomvi wao nilikuwa pale pale nachambua kahawa, nimefunga mdomo. Niliogopa fimbo, basi.

Juzi mimi mwenyewe niliumwa mifupa. Daktari, kijana mdogo kabisa, akaniambia vitamini D yangu iko chini, kisha akanieleza jinsi mifupa ya watoto wasiopata jua inavyolegea. Nilitamani anyamaze. Majuto ni mjukuu, husema watu. Yangu yalizaliwa kabla hata ya watoto wangu.

Siku hizi Biira ndiye anayenitunza. Kila asubuhi huja akiyumba kwa miguu yake ile ile, amebeba kiti, anakiweka uani, na kuniita yaya, yaani dada mkubwa, kama Mama alivyotufundisha.

"Ikala apa ku jua, yaya. Itakusaidia mifupa."

Nakaa. Kila siku najiambia leo nitamweleza habari ya ule mlango. Kisha jua linakuwa kali, ananisogezea kiti kivulini, nami sijasema.