Anajua ujazo wa chungu kabla hakijafinyangwa

Saa kumi na moja alfajiri, Herbert Nalianya hajakaa chini hata mara moja. Anazunguka bomba la chuma lililosimikwa katikati ya karakana, anagusa ubao, anachungulia simu, anarudi kwenye bomba. Mwandishi amepewa kiti cha plastiki. Mwenyeji wake hana habari na viti.

Karakana hii iko Umm Salal, kaskazini mwa Doha, na hutengeneza vyungu vikubwa vya saruji vya kupandia maua mahotelini. Mafundi hupaka saruji juu ya kichuguu cha mchanga. Ubao uliokatwa kwa mchoro wa chungu hufungwa kwenye bomba na kusukumwa kwa mkono kulizunguka, ukikwangua saruji mbichi mpaka chungu kitokee, kikiwa kifudifudi.

Taabu iko kwenye rangi. Huchanganywa na saruji mara moja tu. Mchanganyiko ukipungua ukaongeza mwingine, rangi hazifanani, na pale zinapokutana chungu hupasuka joto likipanda. Ukizidi, huganda ukatupwa.

Vyungu viwili vya kwanza vya oda ya hoteli moja vilipungukiwa, vikaungwa, vikapasuka. Cha leo ni cha tatu, na mkaguzi wa hoteli amesema hakutakuwa na cha nne. Akikikubali, vitafuata arobaini.

Wiki iliyopita Herbert, mchanganya saruji mwenye umri wa miaka 31, alimwambia bosi mbele ya watu kwamba anaweza kukokotoa mapema mchanganyiko wa chungu kizima. Bosi akamjibu kuwa akipatia, atahamia meza ya vipimo. Akikosea, abaki na koleo lake na asimsumbue mtu tena.

"Mdomo wangu ndio umeniponza," anasema, huku akicheka bila raha. "Usiku nimegeuka kitandani mpaka jamaa wa kitanda cha chini akanigongea."

Analala na wenzake watano katika chumba kimoja Fereej Bin Mahmoud, mjini Doha. Kwao ni Chwele, Bungoma. Alikuwa mwaka wa pili chuoni, akisomea ualimu wa hisabati, baba yake alipougua, naye kifungua mimba akalazimika kutafuta kazi. Ni miaka minne sasa tangu aje Qatar.

Alichobaki nacho ni kanuni moja ya mhadhiri wake, Bi. Gakii: ukizungusha umbo bapa kuzunguka mhimili, ujazo unaopatikana ni eneo la umbo hilo mara urefu wa safari ya kitovu chake, yaani nukta ambapo uzito wake unalingana.

Kitovu hicho Herbert hukitafuta kwa msumari na uzi. Hukata boksi kwa umbo la nusu ya chungu kikipasuliwa wima, akalitundika kwa pembe moja, akachora mstari uzi unapoangukia. Hulitundika tena kwa pembe nyingine. Mistari inapokatana ndipo penyewe. Eneo hulipata kwa kuhesabu miraba, kazi ambayo Ijumaa iliyopita aliimalizia nyuma ya karatasi ya nyimbo, ibadani katika kanisa la Mesaimeer, kwani huku Wakristo husali Ijumaa.

"Mungu atanisamehe, mahubiri yalikuwa marefu," anasema.

Eneo lilikuwa sentimita za mraba 1,200. Kitovu, sentimita 50 kutoka ukingo wa boksi. Safari yake kuzunguka ni sentimita 314, na ujazo lita 377. Kwa ndoo za lita kumi na tano, hizo ni ndoo ishirini na tano.

Fomeni wake, Kassim Shekiondo wa Lushoto, mwenye miaka kumi na saba ya kupima kwa jicho, hakubishana naye. Ndoo ishirini na tano za mchanganyiko mkavu zimeshaingia kwenye karai kubwa la kuchanganyia. Ameshika mpira wa maji.

"Yalla, twende, bwana mdogo. Nifungulie?"

Mkono wa Herbert uko kwenye bomba, na kwa mara ya kwanza tangu tufike, miguu imetulia. Analikumbatia kwa vidole, anakodoa macho, kisha anapaza sauti.

"Fundi, ngoja! Usifungue maji."

"Kuna nini tena?"

"Nimekosea. Nilipima kutoka ukingo wa boksi, na boksi linaanzia nje ya bomba. Hili bomba lina unene, nusu yake ni sentimita nne. Kitovu kiko hamsini na nne kutoka katikati ya bomba. Tutapungukiwa na ndoo mbili."

Herbert angeweza kunyamaza na kuomba dua, kwa kuwa bosi ameshasimama mlangoni. Kassim anamtazama kijana, anamtazama bosi, kisha anaweka mpira chini.

"Ongeza mbili. Na rangi yake, upesi!"

Ndoo zinaingia, maji yanafuata. Kwa saa nzima ubao unazunguka. Herbert anaupisha, anakimbilia karai, anarudi, anahesabu kwa midomo. Chungu kinapofika ukingo wa mwisho, kwenye karai imebaki saruji ya kujaza viganja viwili. Rangi ni moja kuanzia juu hadi chini.

Bosi hasifii. "Ulisema ishirini na tano," anasema kwa Kiarabu. "Aliyekosea leo atakosea kesho."

Kassim ndiye anayejibu, na baadaye anatutafsiria bila kupepesa macho: "Nimemwambia mimi nimekosea mara mbili, vyungu viwili vimepasuka, na sikuwahi kumwambia kabla ya maji. Huyu kaniambia."

Bosi anakizunguka chungu taratibu. Kabla ya kuondoka anasema: mkaguzi akikipitisha Jumamosi, kuanzia Jumapili Herbert akae mezani, mwezi mmoja wa majaribio.

Mtu angedhani sasa atakaa. Wapi! Anafunika chungu kwa magunia yaliyoloweshwa, anafunua pembe, anachungulia, anafunika tena.

"Nilifikiri nikikaribia ile meza moyo utatulia," anasema. "Kumbe ndio nimeanza kuogopa. Koleo likikosea, ni mgongo wangu. Namba ikikosea, ni kazi ya watu wote hawa."

Ameshawaandikia watu wa chuo chake kuuliza kama anaweza kumalizia masomo akiwa hukuhuku. Hawajajibu. Barua pepe ameifungua mara nne tangu asubuhi.

"Wakikataa nitaandika tena," anasema. "Nataka kurudi darasani nikiwa mtu ambaye ameshakosea kwa saruji."