Papa Idi amejikatia tiketi ya Moba

"Mwajiri anataka picha nzuri. Maelezo yanamchosha."

Ndivyo Papa Idi anavyowahubiria vijana anaowafundisha usanifu wa programu za simu hapa Kalemie.

Leo mahubiri hayo yamemgeuka mwenyewe.

Sisi wenye boti tulikuwa naye tukichagua msanifu wa programu ya kukata tiketi. Furaha, mwanafunzi wake, akatuonyesha mkusanyo wa kazi zake, pamoja na programu ya majaribio kwenye simu ya Papa Idi. Kurasa nzuri ajabu, nakubali.

"Munaona? Huyu njo wetu!" akasema Papa Idi, yaani ndiye wa kuajiriwa.

Nikamwambia, "Basi Papa, mukatie mama yako tiketi ya Moba."

(Nani kati yenu hajawahi kumkatia mzazi tiketi?)

Akabonyeza. Akarudia. Programu ilijua kumkatia mwenye simu tu.

Simu ikajibu: Safari njema, Idi!

Tukacheka mpaka machozi. "Papa, utatuletea maharagwe ya huko Moba!"

Furaha hakucheka. Kazi ilikuwa inamponyoka. Akafungua michoro yake ya kwanza. Ukurasa wa mwanzo uliuliza: Nani anasafiri? Swali hilo alilipata bandarini, kwa wasafiri wenyewe.

"Sasa juu ya nini ulilifuta?" nikamwuliza sababu.

"Papa Idi njo alisema linaharibu picha."

Papa Idi akairudisha simu mfukoni.

Tumemchukua Furaha, kwa uzuri wa kurasa zake na kwa swali lile. Kimoja peke yake kisingetosha.

Wasanifu vijana wa Kalemie, rudisheni leo mliyoyafuta ili kazi zenu zipendeze.

Nawe Papa Idi, kesho waeleze wanafunzi wako nani alikuwa anasafiri.